Sindano Niliyojidunga Ukweni Kule Mpemba

Jamani, nimeona bora mnicheke mimi kuliko kuendelea kumsema Yohana, mdogo wangu, kwamba alikataliwa ukweni kwa sababu ukoo wetu ni wa walevi, maana mlevi mwenyewe anayetajwa ni mimi, na mimi pombe siijui hata ladha yake. Aibu ile ninayo mpaka leo.

Baba yetu alishafariki, kwa hiyo siku ya kupeleka mahari kule mji mdogo wa Mpemba, karibu na mpaka, mimi ndiye niliyekaa kiti cha baba, tai imenikaba, mbele ya wazee wa kanisa watupu. Nilikuwa na ugonjwa wa sukari, najidunga insulini kwa kificho (mke wangu tu ndiye aliyejua), kwa sababu kwenye posa wakwe waliuliza kama ukoo wetu una maradhi ya kurithi, na mimi, kwa sauti kubwa kabisa, nikajibu hatuna.

Basi nikasikia sahani zinagongana jikoni, nikasema moyoni chakula hicho, nikaomba kwenda chooni, nikajidunga. Kumbe chakula kinamsubiri baba mkubwa wa binti, naye kakwama kwenye foleni ya malori, kila akipigiwa simu anasema, "Nipo hapo tu."

Daktari alishanieleza: sukari haipenyi yenyewe kwenye ngozi ya seli, inabebwa na protini zinazokaa ndani ya seli, na insulini ndiyo inayoziita protini zije juu kwenye ngozi hiyo zianze kubeba. Ukiziita hujala, zinabeba hata ile kidogo iliyobaki kwenye damu, ubongo unabaki mtupu. Nilijua yote hayo, na bado nikachoma.

Jasho likaanza, mikono ikatetemeka, mzee mmoja akasimama kumwombea baba mkubwa safari njema, na mimi (Mungu anisamehe) nikapiga kelele katikati ya maombi, "Amina! Imetosha bwana, tule!" Nikafunua hotpoti iliyokuwa imetangulizwa mezani, nikachota wali kwa mkono, nikaukosa mdomo, nikaanguka zuliani na bakuli la mchuzi.

Aliyetoka mbio ndani ni binti mwenyewe, Tumaini, aliyekuwa anasomea uuguzi. Akanimiminia soda mdomoni kidogo kidogo mpaka akili ikarudi.

"Shemeji, unatumia sindano ya sukari?"

Yohana ananitazama. Nilikuwa na akili zangu timamu, wenzangu, sitajitetea.

"Hapana. Nilikunywa pombe. Nisameheni, wazazi wangu."

Tumaini akaniangalia machoni, akaokota chupa yake ya soda, akarudi ndani. Baba yake akasema, "Mwondoeni. Na posa yenu ondokeni nayo."

Yohana akaenda kuchimba dhahabu Mkwajuni kwa hasira. Miaka ikapita. Akawa anakunywa maji ndoo kwa ndoo, akidhani ni jua la machimboni, na kidonda cha kidole kikagoma kupona. Angepimwa mapema kama angejua nyumbani kuna sukari, lakini nani angemwambia? Walipompima, mguu ulikuwa umeshaoza, ukakatwa chini ya goti.

Nikamweleza yote pale kitandani. Akaniuliza, "Kaka, kwa hiyo Tumaini alikuwa anajua?"

"Alikuwa anajua."

Akageukia ukutani, na mimi nikalia kama mtoto.

Siku hizi siigusi sindano mpaka sahani iwe mbele yangu, na naichoma palepale mezani, wageni wakiona, kila mtu asikie ukoo wetu una nini. Yohana akiwepo, huwa anaangalia pembeni.