Kadi Yenye Sentensi Nane

Yunis alizaliwa Kidete, katika nyumba iliyokuwa karibu sana na mto Mkondoa kiasi kwamba mto ukifurika, maji yalifika kizingitini. Baba yake alilima mahindi na maharage, na Jumapili alikuwa mzee wa kanisa la Anglikana. Yunis alisoma hadi darasa la saba. Alifaulu Kiswahili na hesabu, akaanguka Kiingereza. Mwaka 1983 alipanda treni hadi Kilosa, akapata lori la mkonge hadi Mikumi, na huko akaajiriwa katika hoteli ya shirika la umma kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na mtoto mgongoni, Angela.

Kazi yake ilikuwa kufua na kupiga pasi. Kwa miaka kumi na mmoja alifua mashuka kwenye karo la saruji nyuma ya jiko, akayanyoosha kwa pasi ya mkaa. Wageni hakuwaona sana, lakini aliwajua kwa mashuka yao. Wa semina waliacha madoa ya wino, na waliotoka mbugani waliacha vumbi jekundu kwenye foronya. Hapakuwa na haja ya kuzungumza na yeyote kati yao.

Mwaka 1994 hoteli iliuzwa kwa mtu binafsi. Wafanyakazi thelathini na wawili walikusanywa uwanjani wakasomewa majina. Kumi na watatu walibaki, Yunis akiwa mmoja wao, ila kwa masharti. Mashine ya kufulia ilikuwa njiani, kwa hiyo yeye angehamia kwenye vyumba. Angepewa miezi mitatu ya majaribio, na mwisho wake ama angeandikiwa barua ya ajira, ama barua ya kwaheri. Kidete hakuwa na shamba tena. Baba yake alikuwa amekwisha kufariki na ndugu zake walikuwa wamegawana ardhi. Angela alikuwa darasa la sita pale pale Mikumi. Yunis aliitaka kazi ile.

Meneja mpya alikuwa Mwingereza, mama mrefu aliyetembea haraka, funguo zikining'inia shingoni. Wote walimwita Madamu. Wiki ya kwanza alipiga chapa kadi yenye sentensi nane za Kiingereza, akaibandika ndani ya mlango wa kabati la mashuka. Kabla ya kufungua chumba, Yunis alitakiwa kubisha na kusema "Is anybody in?" Akimkuta mgeni, aseme "Do you need anything?" Kitu kikiharibika, aseme "Somebody will come." Na nyingine za namna hiyo.

Yunis alinakili kadi yote kwenye karatasi, akaipeleka kwa mwalimu mstaafu aliyeitwa Rafaeli, kiongozi wa kwaya kanisani kwao.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Yunis. Mbona umeshika karatasi kama mtu aliyeitwa mahakamani?"

"Bora mahakamani, mwalimu. Kule wanaongea Kiswahili."

Mwalimu Rafaeli alivaa miwani, akasoma sentensi zote, akazisoma tena. "Huyu mama ameandika mambo ya maana," alisema. "Njoo kila Jumapili baada ya ibada."

Darasa lilikuwa ni benchi moja kwenye baraza ya kanisa. Mwalimu aliweka kikombe juu ya benchi, akasema "something." Alipokiondoa alisema "nothing." Alimtoa Yunis nje, akamwambia abishe mlango na kuuliza kama kuna mtu yeyote ndani. Yeye mwenyewe alikaa kimya, na kimya hicho kilikuwa somo la "nobody." Wanakwaya waliokuwa wakisubiri mazoezi walicheka sana, na mmoja akaitikia kutoka nyuma kwa sauti ya besi, "Everybody!"

Sentensi iliyomsumbua ilikuwa ya kumuuliza mgeni kama anahitaji chochote.

"Mwalimu, kwetu mgeni haulizwi. Ukimuuliza kama atakunywa uji, atasema ameshiba, na atalala njaa. Unamletea tu."

"Mzungu muulize. Akisema hataki, hataki kweli."

"Hata akiulizwa mara ya kwanza?"

"Hata mara ya kwanza."

Yunis alitikisa kichwa. "Basi wanaumia hawa."

Sentensi ya "Is everything all right?" hawakukaa nayo sana. Mwalimu alisema hiyo ni salamu tu, kama habari za kazi, na jibu lake ni "Everything is all right." Yunis alilikariri mara tatu, wakaendelea na nyingine.

Kazini, aliyefurahia masomo hayo kuliko wote alikuwa Kakuta, mlinzi wa getini. Alikuwa mfugaji aliyehamia na boma lake tambarare ya upande wa Kilangali, kisha akasogea Mikumi. Yunis alipopita getini akinong'ona maneno yake, Kakuta alimsimamisha kwa fimbo.

"Mama Angela, nieleze. Somebody ni nani?"

"Ni mtu fulani."

"Wa ukoo gani?"

"Hana ukoo, baba Naserian. Ni mtu tu."

"Na nobody?"

"Huyo hayupo kabisa."

"Kizungu kina watu wengi wasiokuwa na baba," alisema Kakuta, akamfungulia geti.

Miezi miwili ilipita vizuri. Yunis alibisha milango, akauliza, akajibiwa, na wageni walipotaja kitu asichokielewa alisema "Somebody will come," akaenda kumwita Madamu. Madamu aliridhika naye. Hata alimwambia mpishi kwamba Yunis ndiye anayeifanya hoteli inukie usafi.

Zikabaki wiki tatu. Jumatano moja walitarajiwa wageni kumi na wanne, kundi kubwa la kwanza tangu hoteli iuzwe. Alfajiri Yunis alifungua bomba la nyuma ya jiko ili ajaze ndoo. Bomba lilikohoa, likatema matone mawili, likanyamaza. Alikwenda getini kwa Kakuta.

"Umeamkaje, baba Naserian?"

"Nimeamka salama."

"Na lindo?"

"Lindo salama kabisa."

"Za huko nyuma, kisimani?"

"Nzuri tu. Ila tembo wamepita. Wamefukua bomba wakalivunja, hatua mia moja kutoka kwenye pampu."

Hivyo ndivyo watu wa huku wanavyopashana habari. Kwanza salamu inajibiwa kwa wema, kwa sababu salamu ni ya kumheshimu anayeuliza. Kisha anayeuliza anasubiri kidogo, na ndipo habari yenyewe inapotoka, hata iwe ya msiba. Kumwambia mtu balaa kabla ya kumwambia salama ni kama kumwagia maji usoni.

Madamu alitoka ofisini saa moja kamili, mkoba begani. Alikuwa anakwenda Morogoro kuwapokea wageni na kununua vyakula. Alimkuta Yunis amesimama njiani na ndoo tupu, akimsubiri.

"Good morning, Yunis. Is everything all right?"

"Good morning, Madam. Everything is all right."

Yunis aliweka ndoo chini, akafuta mikono kwa khanga, akavuta pumzi ili aanze kusema habari ya bomba.

"Good!" alisema Madamu. Akaingia kwenye gari.

Yunis alipoinua mkono, gari lilikuwa limeshageuka. Alikimbia hadi getini. Kakuta, aliyekwisha kufungua geti, alisimama kando akimwangalia.

"Umemwambia?"

"Nilikuwa naanza."

"Sasa?"

"Ameondoka katikati."

Simu haikuwepo, na hata ingekuwepo, gari lilikuwa barabarani. Yunis alimtuma mpishi akamtafute fundi wa mabomba. Kakuta alipeleka ujumbe bomani, na baada ya saa moja binti yake Naserian alifika na punda watatu wenye madumu. Walichota kwenye kisima cha mkono cha kijijini. Yunis alijaza pipa la jikoni kwanza, kisha beseni na ndoo za kila chumba, moja baada ya nyingine. Saa saba mchana, gari la Madamu lilipoingia na basi la wageni nyuma yake, vyumba vitatu vilikuwa bado, na mabafu yote yalikuwa makavu.

Wageni wenyewe hawakukasirika. Waliposikia ni tembo, walitaka kwenda kuona alama za miguu. Madamu aliwapeleka, akatabasamu nao. Aliporudi, tabasamu halikuwepo. Alimwambia Yunis afike ofisini saa kumi.

Mezani palikuwa na karatasi iliyokwisha kupigwa chapa. Yunis aliliona jina lake juu yake. Madamu alizungumza polepole, akichanganya Kiingereza na Kiswahili alichokuwa anajifunza. Alisema tembo si kosa la mtu. Maji yaliyoletwa na punda ameyaona, na anashukuru. Lakini yeye aliuliza asubuhi, kwa lugha nyepesi, na akajibiwa kwamba kila kitu ni sawa. Angeambiwa, angewapa wageni chakula cha mchana Morogoro na kuwaleta jioni. Hoteli isiyo na maji anaweza kuiendesha. Mtu anayemficha tatizo hawezi kufanya naye kazi.

"Something was wrong," alisema, "and you told me nothing."

Yunis alizielewa sentensi hizo zote mbili. Ndani yake mlikuwa na kikombe na benchi tupu la mwalimu Rafaeli.

"Madamu, sikuficha," alisema kwa Kiswahili. "Nilikuwa naanza. Wewe uliondoka."

"You said everything is all right."

"Ndiyo. Hiyo ni kwanza."

Madamu alimtazama bila kuelewa. Yunis alitafuta katika sentensi zake nane, na hakuna hata moja iliyofaa. Akachukua vipande viwili alivyovijua, akaviunganisha mwenyewe.

"Ask anybody," alisema.

"Ask them what?"

"Habari." Akaonyesha getini. "Muulize Kakuta habari. Halafu usiondoke."

Yunis hakumtaja Kakuta kwa kubahatisha. Alijua yaliyokuwa nyumbani kwake. Madamu alisita, kisha akaichukua ile karatasi, akaikunja mara mbili, akatoka nayo. Walivuka uwanja. Kakuta alipowaona wanakuja wote wawili alishusha fimbo na kusimama wima.

"Habari za leo, Kakuta?" aliuliza Madamu.

"Nzuri sana, Madamu."

"Habari za nyumbani?"

"Nyumbani kuzuri. Wote salama."

Madamu alimgeukia Yunis, kama kusema, haya, nimeuliza. Yunis aliinua kiganja, akimwomba asubiri. Wakasimama. Lori lilipita barabarani likielekea Iringa. Kakuta alimtazama Yunis, akamtazama Madamu, akaona kwamba safari hii anayeuliza haendi popote.

"Ila fisi waliingia zizini juzi," alisema, "wakachukua ndama wawili. Na mama Naserian amelazwa hospitali ya Kilosa tangu Jumatatu. Kifua. Wanasema anaendelea vizuri, lakini sijamwona."

Madamu alimwomba arudie sehemu ya hospitali. Kakuta alirudia, taratibu.

"Tangu Jumatatu? Lakini mimi nakuuliza habari kila siku."

"Kila siku unauliza, Madamu," alisema Kakuta bila lawama yoyote. "Na kila siku unaondoka."

Madamu alimwambia Kakuta achukue ruhusa kesho na keshokutwa, na kwamba gari likienda Kilosa asubuhi litampeleka. Ile karatasi hakuichana. Alirudi ofisini, akaandika kwa kalamu juu yake kwamba ni onyo, akaitia kwenye faili la Yunis. Yunis hakulalamika. Alisema baadaye kwamba na yeye alikuwa na sehemu yake: mwalimu alikwisha kumwonya kuwa wale watu neno la kwanza ndilo neno lenyewe, naye alidhani hilo ni la uji peke yake.

Waliafikiana bila kuandikiana. Yunis alitakiwa kutaja tatizo mwanzoni kabisa, na alijitahidi, ingawa kwa wiki nzima alijisikia kama anamtukana mtu mzima kila asubuhi. Mara nyingine ulimi ulirudi kwenye njia yake ya zamani.

Siku ya mwisho ya majaribio, Madamu alikuwa anatoka tena kwenda Morogoro. Gari lilikuwa linaunguruma. Alimkuta Yunis mlangoni mwa stoo na rundo la mashuka, akamkabidhi bahasha. Ndani yake mlikuwa na barua ya ajira. Yunis aliisoma hadi kwenye sahihi, akaikunja, akaiweka kifuani ndani ya nguo.

"Is everything all right?" aliuliza Madamu.

"Everything is all right, Madam. Asante sana."

Madamu alifika kwenye gari, akafungua mlango. Kisha akazima injini, akaweka mkoba wake juu ya boneti, akageuka na kusubiri.

"Ila kitasa cha chumba namba nne kimekatika," alisema Yunis.