Ijumaa Tuliyokataa Kutia Sahihi

Mashine ya kuvuna miwa ilikuwa imeshafika Awendo, imeegeshwa nyuma ya ofisi, siku tulipoitwa kujadili hatima yetu. Nilikuwa miongoni mwa wajumbe wa chama cha wafanyakazi, nikiwakilisha kikosi kinachokata mashamba ya kampuni. Tulijua mashamba hayo makubwa yataenda kwa mashine. Tulitaka iandikwe kwamba haitagusa vishamba vya wakulima, ambako vikosi vingine hukata kwa panga.

Ilikuwa Ijumaa. Maneno yalizunguka palepale mpaka chai ya jioni ikapoa. Ndipo meneja akaleta karatasi: wakataji wote watapewa msimu mmoja wa kuokota miwa inayoachwa na mashine. Vishamba havikutajwa. Nilitazama dirishani; jua lilikuwa linakaribia kuzama. Mimi ni Msabato; jua likishazama Ijumaa, sigusi kazi.

"Sahihi ni dakika moja tu, mzee," meneja alisema.

"Nitarudi Jumapili."

"Jumapili hakuna karatasi. Kuna mashine."

Mwenyekiti wetu, Mkatoliki, alinivuta mlangoni. "Jaduong', mzee wangu, huyu Mungu wako anafunga ofisi mapema kushinda benki! Weka sahihi, utubu kesho."

"Na wewe, ungeitia sahihi karatasi hii kama leo ingekuwa Jumanne?"

Alichukua kofia yake. Tukaondoka.

Kesho yake kanisani, kikosi changu, wengi wao Wasabato wenzangu, kilikuwa kimejaza viti vya mbele yangu. Siku hiyo kwetu haizungumzwi kazi, na hakuna aliyethubutu. Walinisalimu, wakauliza habari za mgongo wangu, tukala pamoja chakula cha mchana, huku macho yao yakiuliza yale ambayo midomo haikuweza. Sijawahi kuchoka vile kwa kukaa tu. Niliomba hekima, kisha nikajikuta naomba jua lizame.

Tulipofunga Sabato kwa wimbo na sala, walinizunguka wote mara moja. Nikawaeleza. Jirani yangu, mama ambaye tumekata naye miwa miaka mingi, aliuliza, "Kwa hiyo kesho tuna kazi ama hatuna?"

"Sijui, dada."

"Basi tukalale. Hata kutojua kunachosha."

Jumapili mashine iliingia shambani kama meneja alivyosema. Lakini wakataji wa vishamba, waliposikia hawakutajwa popote, waliweka mapanga chini, na kiwanda cha sukari kikaanza kukosa miwa, maana mashine peke yake haikukitosheleza. Tukaitwa tena. Safari hii iliandikwa kwamba mashine haitagusa vishamba. Badala yake, ile kazi ya kuokota ikafutwa, na kikosi changu kikatawanyika. Nilimshukuru Mungu kwa waliobaki na kazi, na shukrani hiyo ilikuwa nzito kuitamka.

Jirani yangu sasa anauza dagaa wa omena huko Homa Bay. Juzi alikuja kunijulia hali. Nikamwambia kwamba kama ningetia sahihi jioni ile, angepata msimu mmoja zaidi.

"Na hao wa vishamba?"

"Wangemezwa na mashine baadaye."

Aligeuza kikombe mkononi.

"Mimi ningeuchukua huo msimu, Jaduong'," alisema. "Mtoto wangu alikuwa kidato cha nne."

Nilimshukuru kwa kuniambia. Kabla hajaondoka tuliomba pamoja. Sala yake ilikuwa fupi.