Ndege Wawili wa Mjomba

Mjomba wangu wa Shika Adabu, kule Likoni, alinasa ndege kwa ulimbo tangu utotoni, na kusoma hakujua. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, mjinga wa kutosha kudhani kwamba hilo lina maana.

Miaka ya themanini ikiishia, mtafiti mmoja alituajiri sote wawili. Mjomba anase ndege wadogo wa nyika, kule ng'ambo ya Mariakani. Mimi niwapime, nitafute jina kitabuni, niliandike kwenye kijikaratasi cha kufungwa mguuni. Siku moja akaniletea wawili, wa rangi ya udongo, migongo ina michirizi.

"Hawa si namna moja, mwanangu. Huyu yuwapiga mluzi, yule sauti yakwaruza. Hata kuoana hawaoani."

Nikapima bawa, mdomo, mkia. Sawasawa. Nikacheka, wallahi nikacheka mbele ya dereva wa mtafiti: "Mjomba nawe! Ndege hajulikani kwa kelele. Kitabu chasema ni mmoja." Nikaandika jina moja mara mbili. Yeye akaenda kunawa mikono.

Wiki chache baadaye mtafiti alisikiliza kanda alizorekodi kichakani, akashika kichwa. Kumbe walikuwa aina mbili, zisizotofautiana kwa umbo ila kwa sauti. Akauliza kama kuna aliyeshuku tangu mwanzo. Nikasema, "Mimi." Kwa ulimi wangu huu huu! Akanisifu sana, akaniandikia barua ya kunitafutia kazi, na kazi nikaipata.

Mjomba sikumwambia. Kila nikivuka kwenda Likoni nilijiambia kesho, kesho. Naye huku nyuma akihadithia barazani, tena kwa fahari, jinsi mpwa wake alivyomkosoa: "Masikio yangu haya ya kijinga tu. Mwenzangu amesoma."

Mara ya mwisho nilipokwenda kumwamkia tulikaa uani. Ndege akalia juu ya mpapai. Mjomba akainua kichwa, akasikiliza kitambo, kisha akaniita.

"Abee, mjomba."

"Hebu niambie wewe uliyesoma, yule ni ndege gani?"

Alikuwa shore. Shore, ambaye mtoto yeyote wa Likoni humjua kwa mlio kabla hajajua kufunga vifungo vya shati! Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwambia ni shore, naye akanishukuru.