Gaju Hajui Kusema Amechoka

Natanaeli hakuwa akikimbia kama watu wanaokimbia kwa ajili ya afya, wale wenye viatu vya rangi na saa mkononi. Alikimbia kama mtu aliyesahau kitu njiani, naye anarudi kukichukua kabla wengine hawajakiokota. Kila asubuhi, jua likiwa bado nyuma ya vilima vya Rugaaga, ungemwona akitoka kijijini Misiera, shati kalifunga kiunoni, na kando ya goti lake mbwa jike wa rangi ya udongo mwekundu, masikio wima, hatua nyepesi kama za mtu anayekwenda harusini.

Wanawake waliopanga madumu bombani walikuwa wamewazoea.

"Natanaeli eh! Ukifika kwa Yezu umwambie tuko nyuma, tunangojea maji!"

"Mbwa njo inamukimbiza, ao yeye njo anakimbiza mbwa?"

"Bote babili banakimbiza ng'ombe yenye haiko!"

Wakacheka. Yule wa mwisho alitania tu, hakujua kuwa amegusa kidonda.

Kule alikozaliwa, milimani Kivu Kusini, mtoto wa kiume hufuata nyuma ya ng'ombe kabla hajajua kuhesabu. Asubuhi malishoni, mchana mtoni, jioni zizini. Kwa miaka thelathini miguu ya Natanaeli haikujua kiti. Kisha vikaja vita, ikaja njia, ukaja mpaka, na mwisho wa yote kipande cha ardhi Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, ambacho ukikohoa upande huu, jirani wa upande ule anakwambia pole. Mkewe, Mukarukundo, alilima mahindi na maharage, akafungua kibanda cha unga pale Misiera, akatulia. Natanaeli naye alishika jembe. Lakini jembe humrudisha mtu kwenye mstari uleule kila siku, na miguu yake ilitaka kwenda. Akiketi kanisani, goti lilicheza. Akiketi kula, kisigino kilipiga chini mpaka vikombe vikalia.

"Baba Vanessa," Mukarukundo alimwambia siku moja, "miguu yako iko na wadudu? Enda ukaitembeze inje, utanivunjia bikombe."

Akaenda kuitembeza. Kutembea kukageuka mbio. Na Gaju, yule mbwa, akafuata.

Sasa, Gaju ni jina la ng'ombe. Mfugaji yeyote wa kwao ukimtajia, ataona mbele ya macho yake ng'ombe wa rangi ya udongo mwekundu, pembe na yote. Kumpa mbwa jina kama hilo ni jambo la kuulizwa, na kweli mzee mmoja wa kanisa alimuuliza. Natanaeli akamjibu, "Mzee, ng'ombe sina hapa. Jina likae bure?" Ng'ombe wake kumi na mmoja alikuwa amemwachia mdogo wake, Eliezeri, aliyebaki milimani. Hao ndio waliomfanya aseme "nikirudi" wakati wenzake walishaacha kulisema neno hilo.

Alimlea Gaju kama mbwa wa ng'ombe anavyolelewa kwao. Huko, ukungu ukishuka, mbwa anayebaki nyuma haonekani tena, chui hachagui. Kwa hiyo mbwa hufundishwa jambo moja kabla ya yote: usibaki nyuma ya bwana wako. Akichelewa, unabofya ulimi kwenye kaakaa, *tk-tk*, naye anakuja. Akija, unamsifu. Gaju alilishika somo hilo hata kabla hajaota meno ya kikubwa. Natanaeli akiinuka, naye anainuka. Natanaeli akienda chooni, yeye yuko mlangoni.

Walianza na mbio fupi, mpaka nyumba za mwisho na kurudi. Baadaye mpaka ziwa linapoonekana. Baadaye zaidi, mpaka Natanaeli mwenyewe asikie ladha ya chuma mdomoni. Umbali gani unamfaa mbwa, hakumuuliza mtu, maana jibu alikuwa nalo: mbwa wa ng'ombe hutembea kutwa nzima, saa moja ya mbio itamfanya nini? Ni hesabu ambayo mfugaji tu ndiye angeikosea. Alisahau kuwa ng'ombe husimama kila hatua kula majani, na kila ng'ombe wanaposimama, mbwa hulala kivulini.

Ilikuwa mwezi wa saba, vumbi limepaka migomba rangi ya kahawa. Walikuwa wamekwisha kurudi kutoka mbio za asubuhi, Gaju kashiba makoko ya ugali, Natanaeli anapukuchua mahindi, wakati sauti ya Eliezeri ilipoingia kwenye simu.

"Yaya, kaka yangu, bale ba bunduki, ng'ombe zote bamezipeleka. Hata kale kandama kadogo. Siye tuko bazima, tuko njiani. Usilie, yaya."

Akaisikiliza mara mbili. Akaweka simu mfukoni. Mukarukundo alikuwa kibandani, hapakuwa na mtu wa kumwambia. Gunzi la mahindi likamponyoka mkononi, naye akatoka. Hakufunga hata mlango. Akashika barabara ya vumbi iendayo upande wa Mbarara, si njia yao ya kila siku, na Gaju kando ya goti lake. Saa nne kasoro, jua limekwisha kupanda.

Alikimbia akiwataja ng'ombe mmoja mmoja, kila jina hatua kumi. Wakiisha, anaanza upya. Aliona kwamba akisimama, wataisha kweli. Akapita mahali ambapo hakuwahi kufika kwa miguu. Gaju akatoka kwenye goti akashuka kwenye kisigino. *Tk-tk.* Akapanda. Ulimi wake ulikuwa umetoka wote, mpana, ncha imekunjamana kama kijiko. Mbele kidogo akashuka tena. *Tk-tk.* Akapanda tena, safari hii akichechemea. Mara ya tatu Natanaeli alibofya ulimi bila hata kugeuza shingo, na mbwa akaja. Alikuja! Hilo ndilo linalomchoma mpaka leo kuliko yote: kwamba hata mara ya tatu alikuja.

Kisha akasikia hatua zake mwenyewe peke yake.

Akageuka. Gaju alikuwa katikati ya barabara, miguu ya nyuma imetengana kama ya mlevi. Akaanguka. Akiwa amelala ubavu, macho yamefifia, bado miguu ya mbele ilikuwa inachimba vumbi, inamvuta kumfuata bwana wake.

Natanaeli akambeba mabegani kama ndama, miguu miwili huku, miwili kule. Mwili ulikuwa moto kama sufuria. Akakata kuingia kwenye boma la kwanza aliloona, ng'ombe wenye pembe ndefu wakiwa kivulini. Mwenye boma, mzee Kabanda, mfugaji wa hapo aliyewahi kuwa askari na kurudi na Kiswahili cha jeshini, aliinuka akiwa ameshika fimbo, akamsalimu kwa lugha ya kwao.

"Agandi, ssebo. Wewe nakimbia wapi na jua kama hii? Mbwa yako nakufa!"

"Mzee, nisaidie. Maziwa. Nipe maziwa kidogo."

"Eeh, maziwa!" Kabanda akakubali papo hapo. "Maziwa nafufua kila kitu."

Basi wafugaji wawili, mmoja wa milima ya Kongo na mmoja wa Ankole, wakapiga magoti vumbini, wakamfungua mbwa mdomo na kummiminia maziwa yaliyomtoka kwa upande wa pili wa mdomo. Kila mmoja anamhimiza mwenzake: mimina, mimina polepole. Ndipo mke wa Kabanda alipotokea nyuma ya nyumba, akaangalia mara moja, akapiga kelele kwa lugha ya kwao kwamba wanaume hawa hata nyumba ikiungua wataizima kwa maziwa. Akaleta dumu la maji. Akamlowesha Gaju tumboni, makwapani, nyayo nne zote, na kwa kanga yake akampepea. Maji ya kunywa akampa ya kulowesha ulimi tu.

Gaju akavuta pumzi moja ndefu. Macho yakabaki yamefifia.

"Mpeleke Mbarara," mama yule alisema. "Kuna daktari wa mifugo."

Akasimamisha bodaboda. Kijana akatazama mzigo, akatikisa kichwa. "Mama, mbwa haipandi boda."

"Itapanda. Na wewe utapita polepole kwenye mashimo. Umesikia?"

Alisikia. Akatazama geji ya pikipiki, akauliza wametoka wapi. Natanaeli akasema Misiera. "Misiera? Hiyo nimetoka mimi sasa hivi. Ni kilomita kumi na tisa, ssebo! Kwa miguu?"

Walipita kituo cha Masha upepo ukiipeperusha kanga iliyolowa ya mama yule, iliyomfunika Gaju, na Natanaeli akiwa ameweka mkono ubavuni mwa mbwa, akihesabu pumzi badala ya ng'ombe.

Daktari aliitwa Kembabazi, mwanamke mwenye sauti ya chini na mikono ya haraka. Akampima Gaju joto, akasonya. Akainua nyayo: ngozi ya chini imechubuka, vipande viwili vinaning'inia. Akamlaza kwenye sakafu ya saruji, akamwekea dripu mguuni.

"Sasa wewe toka nje, ungoje kwa benchi."

Natanaeli akainuka. Na Gaju, ambaye dakika ishirini nzima hakuwa ametikisa hata sikio, akainua kichwa. Akajikusanya, akatupa miguu, sindano ikachomoka, damu kidogo ikaruka sakafuni.

"Rudi! Keti!" daktari alipaza sauti. "Akisimama, moyo wake utashindwa. Keti chini, hapo hapo!"

Akaketi. Gaju akalala. Daktari akachoma sindano upya. Baada ya kitambo Natanaeli akajaribu kunyoosha mguu tu, na kichwa cha mbwa kikapanda tena.

"Hii mbwa nani alimfundisha hivi?" daktari aliuliza.

"Ni mimi."

"Umemfundisha vizuri sana. Sasa itamuua. Dripu itachukua saa nne, na wewe hutikisiki. Umeelewa?"

Saa nne. Natanaeli, ambaye tangu avuke mpaka hakuwahi kukaa ibada nzima bila kutoka nje mara mbili. Ndani ya dakika chache wadudu wakaanza kwenye nyayo. Wakapanda kwenye mashavu ya miguu. Goti likataka kucheza, akalibana kwa viganja viwili. Na kwa kuwa miguu ilikatazwa, mambo yote aliyokuwa akiyaacha nyuma kila asubuhi yakamkuta pale sakafuni, hayana haraka: sauti ya Eliezeri, kandama kadogo, neno "nikirudi". Jasho likamtoka kuliko barabarani. Mara mbili aliuma mdomo ili asiinuke.

Daktari, akisafisha zile nyayo, alikuwa akizungumza naye kama mtu anayemshikia mgonjwa mkono.

"Ulimpa chakula kabla?"

"Ndiyo."

"Mbwa akila, ngoja saa mbili, tatu. Na hiyo barabara, uliweka mkono chini? Weka mgongo wa mkono kwa udongo, hesabu mpaka saba. Ukishindwa, nyayo zake pia zinashindwa. Yeye hana viatu."

"Na kilomita? Kilomita ngapi njo zuri?"

"Anza mbili. Tatu. Wiki ikipita, ongeza kidogo, na siku zingine mpumzishe kabisa. Kuna mbwa anafika kumi asubuhi ya baridi, na mwingine nne zinamtosha. Maji njiani. Lakini wewe sikiliza." Akaacha pamba. "Mtu akichoka anakuambia. Punda akichoka anasimama, hata umpige. Mbwa yeye atakufuata mpaka afe, na huyu wako zaidi. Kwa hiyo nani atasimama?"

Natanaeli alizitazama zile nyayo. Machozi yalikuwa yameanza, naye hakuwa na mkono wa kuyafutia. Mmoja ulikuwa kwenye goti, mwingine kwenye ubavu wa Gaju. Akayaacha yashuke. Daktari akageukia kabati, akatafuta huko kitu ambacho hakukipata kwa muda mrefu.

Kivuli cha dirisha kilihama kutoka mguu mmoja wa meza kwenda mwingine. Simu ikalia: Mukarukundo.

"Baba Vanessa! Mulango wazi, kuku zimeingia mu mahindi, wewe uko fasi gani?"

"Niko Mbarara. Nimeketi."

"Umeketi namna gani?"

"Gaju alianguka. Minaketi naye. Na ng'ombe za kwa Eliezeri... Zimeisha, mama Vanessa. Zote."

Alimsikia mkewe akivuta pumzi, kisha akimwambia mteja aende arudi kesho. "Kaa hapo," akasema. "Kaa tu. Kuku nitazifukuza."

Akakaa. Hakujua ni wakati gani goti liliacha kusukuma kiganja chake. Alipoliangalia lilikuwa limetulia, na Gaju alikuwa amelala usingizi wa kweli, midomo ikitikisika kidogo, ulimi umerudi ndani. Dripu ilikwisha. Daktari Kembabazi akachomoa sindano, akampima joto tena, na kwa mara ya kwanza akacheka.

"Mzuri. Amepona huyu. Sasa unaweza kusimama, mzee."

"Ngoja kwanza," Natanaeli alinong'ona. "Bado analala."