XML ya GB 2 kwenye laptop ya RAM GB 4: maganda ya karanga yalivyoniokoa

Wakuu, salaam kutoka Msalato. Mimi ni mtu wa riwaya, chumvi ninayo tele, ila hapa sijatia hata punje.

Nilirekodi hadithi za bibi yangu wa Haneti ili nimchapie kitabu. App niliyotumia ikanipa faili moja la XML, GB 2, maandishi na sauti vyote ndani.

Bibi macho yanafifia. Aliniambia, "Nataka nilione jina langu kwenye kitabu, si kusomewa."

Daktari alishapanga tarehe ya upasuaji, na hakuahidi kitu. Kitabu kilitakiwa kitangulie.

Nikaandika script ya Python kuchomoa maandishi. Laptop ikaganda, feni ikilia kama upepo wa kiangazi. Kosa langu: nilipakia faili zima kwenye memory.

Nikasoma mtandaoni, nikahamia iterparse, inayosoma kipande kimoja kimoja. Nikatamba. RAM ikapanda taratibu, ikajaa, ikaganda tena.

Nikaenda Haneti kuomba radhi.

Bibi alinipokea na ungo wa karanga. Nikawa nabambua, punje natafuna, maganda nayarudisha kwenye ungo uleule, huku nikimweleza masaibu yangu.

Akanitazama weee.

"Mume wangu, unakula karanga au unafuga maganda? Huo ungo utaisha lini?"

Nilicheka, kisha nikautazama ungo.

Wakuu, iterparse inakupa kipande, lakini kipande hicho kinabaki kimening'inia kwenye mti wa faili ndani ya memory mpaka ukitupe mwenyewe. Mimi nilikuwa nafuga maganda!

Nikafungua laptop palepale uani. Kila hadithi ikishaandikwa pembeni, naitupa kwa elem.clear(). Hata hivyo shina huendelea kushika makapi matupu, kwa hiyo na root.clear() pia.

RAM ikatulia chini ya MB 300. Hadithi zote zikatoka, Bibi akiendelea kupepeta karanga zake.

Kitabu kilifika siku nne kabla ya upasuaji. Alikisogeza karibu na pua, kidole kikatambaa juu ya jalada, kikasimama kwenye jina lake.

"Ndiyo mimi huyu," akasema. Halafu akaniuliza kama maganda nilitupa.

Nililojifunza: kusoma kidogo kidogo hakutoshi, ulichomaliza nacho kiache kiende.

Wenye mbinu nyepesi zaidi, hasa watu wa Java, mwageni hapa chini. Bibi anaendelea vizuri, na ana hadithi nyingine.