Ndiyo, Bado Nipo

Kazini walimwita Posta, na jina hilo lilimganda mpaka walinzi wa getini wakasahau la kwake. Kila Jumanne saa tatu asubuhi kampuni ya magodoro ilituma barua pepe kwa wateja elfu arobaini, na kazi ya Posta ilikuwa kuhakikisha zinaingia mahali watu wanaposomea barua zao, zisiangukie kwenye spamu, folda ile ya barua taka ambayo hakuna anayejisumbua kuifungua.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili, nadhifu, asiyechelewa, ambaye hakuwahi kuondoka na kalamu ya ofisi hata kwa bahati mbaya. Watu wa namna hiyo hudhani uongo ni kitu cha watu wengine.

Mitambo inayopokea barua huangalia tabia. Barua ikifunguliwa, ikijibiwa, ikitolewa kwenye taka, mitambo husema huyu mtumaji anapendwa, na siku nyingine humpitisha. Kwa hiyo Posta alikuwa na masanduku kumi na mawili ya majaribio. Kumi na moja yalikuwa ya watu aliowabuni mwenyewe: mstaafu mmoja, mwanafunzi wa chuo, mama wa mapacha na wengineo. Kila Jumanne aliingia kwenye sanduku la kila mmoja, akatafuta barua kwa jina la kampuni, akaifungua, akajibu neno moja au mawili.

La kumi na mbili halikuwa la kubuni. Lilikuwa la dada yake mkubwa, aliyefariki mwaka uliopita kwa ugonjwa wa figo. Akiwa hospitalini dada alimwandikia neno la siri kwenye kikaratasi, ili amsomee barua za kazini. Anwani ile ilikuwa na miaka kumi na mitano, na mitambo iliiamini kuliko zile nyingine zote kwa pamoja. Mara ya kwanza Posta alipoitumia, mkono ulisita. Mara ya tatu haukusita.

Kisha meneja akaagiza barua ya kuwaamsha wateja walionyamaza. Kichwa chake kilikuwa "Bado upo?" na chini palikuwa na kitufe cha kubonyeza: "Ndiyo, bado nipo." Posta aliingia kwenye sanduku la dada yake, akabonyeza, na kwa kuwa jibu la maandishi lina uzito zaidi, akaandika: "Nipo. Endeleeni kuniandikia." Akafunga, akaenda kunywa chai.

Kuanzia wiki ile mambo yakaanza kwenda kombo.

Barua ambayo haijafunguliwa huonekana kwa maandishi mazito. Ikishafunguliwa, maandishi huwa membamba. Jumanne iliyofuata Posta aliingia kwenye sanduku la dada yake dakika tano baada ya barua kuondoka, akaikuta nyembamba. Mtu alikuwa ameshaisoma. Wiki ya pili, vivyo hivyo. Wiki ya tatu aliingia dakika moja tu baada ya saa tatu. Barua ilikuwa nzito. Akiwa anaitazama, ikawa nyembamba mbele ya macho yake.

"Mtu akifa," alimuuliza fundi wa kompyuta, akijitahidi sauti iwe ya kawaida, "sanduku lake linaweza kujisoma lenyewe?"

"Posta, na wewe umeanza? Labda huko aliko hana usingizi, anatafuta godoro."

Wenzake wakacheka. Angeweza kubadilisha neno la siri na kumfungia nje huyo aliyekuwa akiingia. Hakubadilisha. Aliogopa kumfungia nje.

Nyumbani alikaa na mama yake, mwalimu mstaafu wa hesabu, mwanamke wa miaka sabini na mmoja ambaye hadi leo hakubali jambo bila kuonyeshwa hatua. Tangu msiba alikuwa ameomboleza kwa utaratibu, kama anavyofanya kila kitu, na alikuwa ameanza kucheka tena. Asubuhi moja, akimimina chai, akasema, "Dada yako ameanza kuamka."

Posta alidhani hakusikia vizuri. Lakini siku ya pili kilitokea kikombe cha tatu mezani. Siku ya tatu mapazia ya chumba cha marehemu yalifunguliwa, kitanda kikatandikwa upya, na mlango ukaachwa wazi kiasi cha kiganja. Jumanne jioni mama alisema, bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akichambua, "Leo ilikuwa saa tatu kamili. Hachelewi."

Posta alisimama na sufuria mkononi. Hakuwahi kumweleza mama yake kwamba barua za kazini huondoka saa ngapi.

Habari zilimfikia kaka yao mkubwa, akaja Jumapili.

"Mama, marehemu hanywi chai," alisema, akikitazama kile kikombe.

"Nani kakwambia nimemwekea anywe? Kimekaa tu, kama wewe hapo."

Kaka hakucheka. Alimvuta Posta hadi getini. "Jumamosi nampeleka kwa daktari wa akili. Nimeshaongea naye. Akitoka huko atakaa kwangu, na nyumba hii tunaifunga."

"Mama hana wazimu, kaka. Nyumba hii ukimtoa, umemmaliza."

"Basi nieleze anayatoa wapi hayo maneno."

Posta akarudi ndani. Usiku alipopita kwenye ule mlango ulioachwa wazi, alipita akitazama ukuta wa upande wa pili.

Jumanne meneja alileta orodha ya anwani elfu tisa, akasema ziongezwe.

"Hawa watu hawakutuomba tuwaandikie," Posta alisema.

"Wataomba wakishaona magodoro. Ongeza."

Akaongeza. Alijua ni kosa, na alipinga kwa sentensi moja, kiasi cha kujiridhisha kwamba amepinga. Wageni wale walilalamika ndani ya nusu saa, na mitambo haikusamehe. Barua zote zikaangukia kwenye taka. Posta akalazimika kufanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi: kufungua folda ya taka ya kila sanduku na kuipitia kwa macho, moja baada ya moja.

Kwenye yale kumi na moja alikuta barua ya magodoro peke yake. Kwenye sanduku la dada, chini ya barua ya magodoro, palikuwa na safu ya barua ishirini na sita. Hazikuwa na vichwa. Zote zilitumwa saa kumi na moja alfajiri, na zote zilitoka anwani moja, ile ambayo dada mwenyewe alimfungulia mama yao ili amtumie picha za wajukuu.

"Mwanangu, umeamka?"

"Mwanangu, nimeona umewajibu watu wa magodoro kwamba upo. Jibu nimeliona kwa macho yangu, sina ubishi. Mbona mimi hunijibu?"

"Nimekuwekea kikombe."

"Kaka yako anasema akili zimeniruka. Niandikie neno moja tu, nimwonyeshe."

Na ya alfajiri ile ile: "Jumamosi wananichukua. Kama upo, sema."

Posta alikaa. Kiyoyozi kilikuwa kikivuma juu ya kichwa chake. Chini ya barua ya mwisho palikuwa na nafasi nyeupe ya kujibu, na ndani yake kile kijistari kinachowaka na kuzima. Aliandika: "Mama". Ilikuwa rahisi mno. Maneno matano zaidi na mama angelala akiwa na furaha, na angekwenda kwa daktari na ushahidi mkononi, wamfungie kabisa. Aliangalia vidole vyake juu ya kibodi na kwa mara ya kwanza vikamtisha kuliko aliyekuwa akisoma zile barua. Akafuta herufi moja moja. Akachukua mkoba, akatoka bila kuomba ruhusa.

Mama alikuwa mezani. Mbele yake palikuwa na simu ya marehemu, yenye ufa pembeni, ambayo wote waliamini ilipotelea hospitalini.

"Ilikuwa kwenye mfuko wa gauni lake," mama alisema. "Barua zake nimekuwa nikizifungua humu. Hamkuniuliza."

Posta akavuta kiti, akasema yote. Masanduku, kitufe, lile neno "nipo".

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Na wiki iliyofuata, alipowajibu kwamba amefurahi?"

"Ni mimi."

Mama aliigeuza simu, kioo kikalala chini. "Barua zangu umezisoma?"

"Za mwezi mmoja. Za nyuma zimejifuta. Folda ile hujifuta yenyewe."

"Kumbe nilikuwa naandikia jaa." Akaisogeza simu kando. "Hesabu yangu ilikuwa sahihi. Namba ndizo zilizokuwa za uongo, na aliyenipa ni mwanangu." Akakisukuma kile kikombe cha tatu hadi mbele ya Posta. "Mpigie kaka yako. Umwambie hapa, nikisikia, na usiruke hata hatua moja."

Akampigia. Ilikuwa simu ndefu, na Jumamosi hakuna aliyekuja.

Kesho yake Posta alilifunga sanduku la dada yake, kisha akawafuta mstaafu, mwanafunzi, mama wa mapacha na wenzao wote. "Unatuua, Posta," meneja alisema. Akamjibu kwamba ameshachoka kuwafanya watu wawepo. Akapewa barua ya onyo, akaitia saini.

Nyumbani mama alimsemesha yale ya lazima tu: chumvi, ufunguo, maji yamekatika. Ilikuwa hivyo kwa siku tisa.

Siku ya kumi, jua halijatoka, Posta aliamka na kuifungua simu yake, na kwa mazoea akaipitia folda yake ya taka. Kulikuwa na barua moja isiyo na kichwa, ya dakika chache zilizopita, kutoka kwa mtu aliyelala upande wa pili wa ukuta.

"Mwanangu, umeamka?"

Alianza kujibu. Alipoona vidole vinataka kuandika tena "Nipo", akaiweka simu chini. Alitoka peku hadi ukumbini, akapita ule mlango wa chumba cha dada, ambao sasa ulikuwa umefungwa, akagonga kwa mama yake.

Alipogonga mara ya pili, sauti ya ndani ikasema, "Pita."