Hawakukimbia

Siku yangu ya kwanza kazini kama mkalimani wa mahakama, Nakuru, karani mkuu alinikagua kola ya shati kisha akasema, "Kijana, hapa huongezi wala hupunguzi. Shahidi akitukana, na wewe tukana." Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na Kiingereza cha misheni.

Hali ya Hatari iliyotangazwa na serikali ya mkoloni ilikuwa imepamba moto. Siku moja nilipelekwa upande wa Mau Narok kwenye uchunguzi wa vifo, yaani kikao cha kutafuta watu walikufaje kabla yeyote hajashtakiwa. Vibarua wa shamba la ngano walikuwa wamepigwa risasi na askari. Mjane mmoja, Nyambura, alisimama na mtoto mgongoni, akasema kwa Kikuyu, "Walikuwa wameketi wakila. Hawakukimbia."

Nikatafsiri. Hakimu, mzungu, akaweka kalamu chini.

"Mkalimani, nadhani amesema walikimbia."

"Hapana, bwana. Amesema hawakukimbia."

"Keti."

Akaandika alichotaka, maana aliyekimbia, askari waliruhusiwa kumpiga risasi. Wiki iliyofuata nilihamishiwa stoo ya mafaili, nikakaa humo hadi mkoloni alipoondoka. Ndipo nikarudishwa kortini, nikatafsiri mpaka nikastaafu.

Miaka mingi baadaye Nyambura alifika kwangu na gazeti mkononi, amezeeka, macho makali. Waliofiwa walikuwa wameishtaki serikali iliyotutawala, na gazeti lilikuwa limechapisha ile rekodi ya zamani: walikimbia. Chini yake, jina langu kama mkalimani.

"Mkalimani, uliniuza?"

"Mama, sikukuuza. Nipeleke kwa wakili wako."

Kortini, wakili wa upande wa pili aliniuliza kwa upole, "Mzee, baada ya miaka yote hii, kweli unakumbuka neno moja?"

"Maneno ndiyo yaliyokuwa kazi yangu. Kuamriwa nilibadilishe, niliamriwa mara moja tu maishani. Wewe ungesahau?"

Jaji alisema kesi imecheleweshwa mno, akaitupa. Magazeti yakaandika tumeshindwa. Hayakuandika kwamba katika hukumu hiyo hiyo jaji alikiri ile rekodi haiaminiki. Nyambura alinitaka nimsomee sehemu hiyo kwa Kikuyu, pale pale kwenye ngazi za korti, watu wakipita. Nikasoma.

"Rudia," akasema. "Kwa sauti."

Nikarudia.

Tumekata rufaa. Wanangu wanasema nipumzike, miguu imevimba. Nimewaambia wanitafutie mkongojo mzuri. Tarehe ya kusikilizwa ikitoka, nitafika; wakiniita kizimbani, nitaapa tena.